Somo la Leo: Chakula cha Vifaranga vya Samaki

Ndugu zetu wa vikundi, choteni maji ya bwawa kwa glasi, myainue kwenye mwanga. Vile vitone vinavyorukaruka si uchafu. Ni viroboto-maji na jamaa zao, chakula cha vifaranga vya tilapia.

Hapa kwetu Eldoret mvua ya Aprili hadi Septemba huteremsha udongo bwawani. Viroboto-maji hula kwa kuchuja maji, basi tope huwasonga, wakapungua. Maji yakitulia huongezeka tena. Hata bwawa likikauka, mayai yao hungoja matopeni, pengine miaka. Kwa hivyo msimu hauwamalizi.

Sisi ndio tunawamaliza. Tangu viwavijeshi vipya viingie Kenya mwaka 2017, tunanyunyizia mahindi sana. Tukisuuza pampu ya dawa bwawani au mtoni Sosiani, dawa kidogo tu huwaua. Samaki mkubwa haonyeshi kitu, lakini vifaranga hulala njaa, na baadaye sisi pia. Maji ya kusuuzia tuyanyunyize palepale shambani.

Maswali ya kujadili:
1. Pampu zetu tunazisuuzia wapi?
2. Je, ukingo wa bwawa letu una nyasi za kuzuia udongo?