Vitabu Gani Vinasomwa? Tuhesabu Kabla ya Kununua

Fedha za vitabu zikipatikana kijijini, kila mtu huwa na lake. Huyu ataka vitabu vya ufugaji, yule ataka hadithi. Ubishi wa namna hii dawa yake ni daftari la kuazima.

Tuseme maktaba yenu ina vitabu 20 vya kilimo, na kwa mwaka vimeazimwa mara 60. Vya hadithi viko 50, vimeazimwa mara 100. Ukitazama haraka utasema hadithi zinaongoza. Hebu gawanya: 60 kwa 20 ni 3, 100 kwa 50 ni 2. Yaani kila kitabu cha kilimo kimetoka mara 3, cha hadithi mara 2. Vya kilimo ndivyo vinavyogombewa, basi anzeni kuongeza hivyo.

Hata wasomi wakubwa hununua visivyosomwa. Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, kilichunguza vitabu kilivyopata mwaka 1969. Miaka 6 baadaye, karibu vitabu 40 katika kila 100 vilikuwa havijaazimwa hata mara moja. Fedha ndiyo imekwisha kwenda!

Lakini daftari halioni kila kitu. Wapo wanaosoma palepale mezani, wakaondoka bila kuazima. Basi waombeni wasomaji wasirudishe vitabu kabatini, waviache mezani. Jioni mtunza maktaba atie alama moja kwa kila kitabu alichokikuta, ndipo avipange. Afanye hivyo wiki 2 wakati wa kulima na wiki 2 baada ya mavuno, maana jembe likishikwa wasomaji hupungua.

Na kitabu kisichoguswa je? Msikimbilie kukitoa. Pengine kimewekwa juu mno, au maandishi yake ni madogo kwa macho ya wazee. Kiwekeni mbele mwezi mmoja, muone. Tena kuna vitabu vya kungojea siku yake. Kijitabu cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kinaweza kulala mwaka mzima, mpaka siku ndugu wawili wagombanie mpaka wa shamba. Hicho msikiuze kwa sababu ya hesabu.

Wekeni pia daftari la pili, la waliokosa. Mtu akija kutafuta habari za ugonjwa wa kuku asizipate, mwandikeni na tarehe, kwa sababu katika daftari la kuazima huyo haonekani kabisa.