Baba Askofu Munzihirwa wa Bukavu

Mjini Bukavu, mahali paitwapo Nyawera, njia nyingi zinakutana. Motokari zinapita, wachuuzi wanaita, kelele haziishi. Kiwanja cha hapo kinaitwa kwa jina la Munzihirwa. Mtoto akimwuliza bibi yake habari za jina hilo, bibi hunyamaza kidogo kwanza, ndipo anajibu.

Christophe Munzihirwa alizaliwa mwaka 1926 upande wa Walungu, katika nchi ya Bushi. Alipewa upadri mwaka 1958, na mwaka 1963 aliingia katika shirika la Wayezuiti. Alisoma sana, hata Ulaya. Lakini aliporudi hakujitenga na watu.

Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliwakasirikia wanafunzi wa chuo kikuu cha Kinshasa, ikawatia jeshini kwa nguvu. Munzihirwa alikuwa mlezi wa vijana. Yeye mwenyewe hakuna aliyemwita: alikuwa padri, tena mtu wa miaka 45. Basi akaenda kuomba aandikwe askari pamoja nao. Fikirini, watoto! Mtu mzima mwenye elimu kubwa anaomba mzigo ambao vijana wote walitaka kuukimbia. Hakutaka kuwafundisha uvumilivu huku yeye ameketi penye kivuli.

Baadaye akawa mkubwa wa Wayezuiti wa sehemu zetu. Mwaka 1986 alitumwa Kasongo, katika Maniema, akawa askofu huko. Na mwaka 1994 akafanywa Askofu Mkuu wa Bukavu. Cheo kilipanda, maisha yake yakabaki ya mtu wa kawaida.

Mwaka ule ule wa 1994, katika Rwanda, Watutsi waliuawa kwa mamia ya maelfu. Kisha serikali ya wauaji ikashindwa vitani, na Wahutu wengi mno wakakimbia, wakavuka mto Ruzizi, wakaingia Bukavu. Walilala shuleni, mbele ya makanisa, kando ya njia. Miti ilikatwa kwa kuni, mihogo ikaibwa mashambani, na wenyeji wakachoka. Tena katika wakimbizi walikuwamo watu wenye damu mikononi. Jambo hilo halifichiki.

Askofu atasema nini hapo? Angaliweza kunyamaza. Munzihirwa alisema kwamba mwuaji na ahukumiwe kwa tendo lake, lakini mama na mtoto mchanga wasihukumiwe kwa kabila lao. Aliwaomba Wakristu wa Bukavu wawapokee wageni. Aliandika barua kwa wakubwa wa dunia, akiwasihi watafute njia ya kuwarudisha watu hao kwao kwa amani. Wengine walimchukia kwa maneno hayo. Yeye alipenda kusema kwamba yapo mambo ambayo huyaoni mpaka macho yako yamelia. Si neno jepesi. Huenda mtoto atalielewa akiisha kuwa mkubwa.

Oktoba 1996 vita vilifika Bukavu. Wakubwa wa serikali walikimbia, na askari waliopaswa kuulinda mji walipora nyumba za watu. Askofu angaliweza kuondoka naye. Akabaki. Katika ujumbe wake wa mwisho aliwaomba watu wakae katika mapendo kwa wote.

Siku ya 29 Oktoba, jioni, motokari yake ilisimamishwa Nyawera na askari wa jeshi lililokuwa likiuteka mji. Akashuka, msalaba wake mkononi. Wakampiga risasi. Mwili wake ulilala njiani usiku ule, kwa sababu watu waliogopa kutoka nyumbani. Kesho yake ukachukuliwa, akazikwa penye kanisa kuu la Bukavu. Kila mwaka, tarehe ile, watu humkumbuka kwa Misa, na wengi wao hawakuwa wamezaliwa alipokufa.

Maulizo

Munzihirwa aliomba nini mwaka 1971, na kwa nini?
Kwa nini wenyeji wa Bukavu walichoka na wakimbizi? Je, walikuwa na haki?
Kumhukumu mtu kwa tendo lake na kumhukumu kwa kabila lake: elezeni tofauti kwa mfano wa kijijini kwenu.
Nani nyumbani kwenu anakumbuka mwaka 1996? Mwulizeni kwa heshima. Asipotaka kusema, msimlazimishe.