Saratani na Sonona: Kazi ya Mazungumzo na Kazi ya Dawa

Mgonjwa wa saratani kutoka Tarime, au kutoka Mugumu wilayani Serengeti, huweza kupelekwa hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, ambako hutolewa matibabu ya mionzi. Huko huishi mbali na shamba, mifugo na watoto wake. Si ajabu akihuzunika. Lakini huzuni ikidumu wiki mbili au zaidi, ikamwondolea raha ya kila jambo, ikamfanya ajilaumu na hata kutamani kufa, hayo ni maradhi mengine, nayo huitwa sonona.

Kuyatambua si rahisi. Uchovu, kukonda na kukosa usingizi huletwa na saratani pia. Kwa hiyo daktari huzingatia zaidi dalili za nafsi, hasa kukata tamaa na kujiona hana thamani. Sonona isipotibiwa, mgonjwa huweza kuacha matibabu ya saratani kabla hayajakamilika.

Tiba ya mazungumzo

Mgonjwa hueleza matatizo yake, huchagua moja, kisha hutafuta hatua anayoiweza. Huko Zimbabwe, Dakta Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 utaratibu wa Benchi la Urafiki, ambapo akina bibi waliofunzwa huketi na wagonjwa na kuzungumza nao. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba dalili za sonona zilipungua. Watu hao hawakuchaguliwa kwa sababu ya saratani. Hata hivyo, njia yenyewe haihitaji vyombo vya gharama.

Tiba ya dawa

Dawa za sonona hubadili utendaji wa kemikali zinazopeleka habari baina ya chembe za neva katika ubongo. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne. Amitriptilini hupunguza pia maumivu ya neva, lakini hufunga choo, kama ifanyavyo mofini. Fluoksetini huzuia kimeng'enya cha ini kinachogeuza tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, kuwa endoksifeni iliyo na nguvu zaidi. Ndiyo maana daktari wa saratani hana budi kujua kila dawa anayomeza mgonjwa.

Kwa nini zote mbili?

Sonona nyepesi huweza kutibiwa kwa mazungumzo peke yake. Iliyo kali huhitaji zote mbili. Asiyelala wala kula hawezi kufuata mazungumzo. Dawa humrudishia nguvu hiyo. Lakini dawa haiwezi kumtafutia nauli wala kumpatanisha na nduguze. Nayo mazungumzo humsaidia kuvumilia wiki za kwanza, kabla dawa haijafanya kazi.

Maswali

1. Kwa nini kukonda peke yake hakuthibitishi sonona?
2. Eleza hatari ya kutumia fluoksetini pamoja na tamoksifeni.
3. Mgonjwa ameacha dawa ya sonona siku ya tano, akisema haifai. Ungemweleza nini?