Adabu za Barabara: Safari ya Baisikeli kutoka Likoni hadi Munje

Mtu atokaye Likoni kwenda kusini kwa baisikeli hupita, kabla hajaingia katika nchi ya Kwale, mahali paitwapo Shika Adabu. Jina hilo lafaa kuwa somo la kwanza kwa kila mtu anayekusudia kwenda mbali kwa baisikeli pamoja na wenzake. Wengi hudhani kwamba jambo kubwa katika safari kama hiyo ni miguu yenye nguvu na baisikeli ya bei kubwa. Hayo ni mema, lakini hayamwokoi mtu na gurudumu la lori. Kinachomwokoa ni adabu yake mwenyewe, na zaidi ya hapo, adabu ya yule anayemtangulia.

Safari inayosemwa hapa si mashindano. Ni safari ya watu wa kazi mbalimbali, walimu, makarani, mafundi na wachuuzi, wanaopenda kupanda baisikeli siku ya mapumziko. Katika Ufaransa kuna chama kiitwacho Audax Club Parisien, kilichoanzishwa mwaka 1904, ambacho kimeeneza safari za namna hii katika nchi nyingi. Mpanda baisikeli hupewa saa 13 na nusu kumaliza kilomita 200, na afikaye mbele ya wenzake hapewi sifa kumshinda afikaye nyuma, maadamu wote wamefika katika muda uliowekwa. Maana ya safari ni kufika. Basi kundi likitoka watu kumi na kufika watu tisa, safari hiyo imeharibika, hata kama huyo wa kwanza alikwenda kama upepo.

BARABARA ILIVYO

Kutoka Likoni hadi Munje, kijiji cha wavuvi kilicho kusini ya Msambweni, ni kilomita 60 hivi. Kwenda na kurudi ni kilomita 120, nayo ni kazi ya siku nzima kwa mtu asiyezoea. Sehemu kubwa ya njia ni barabara kuu ya lami, ile iendayo hadi mpaka wa Tanzania huko Lunga Lunga. Kwa hiyo mpanda baisikeli hana barabara yake peke yake. Yumo pamoja na mabasi yaendayo Tanga na Dar es Salaam, malori ya mizigo, matatu, tukutuku na bodaboda.

Kilomita za kwanza ndizo zenye msongamano. Huko Likoni watu wanaoteremka kwenye feri hujaa barabarani, na matatu husimama ghafula kuchukua abiria. Mwenye busara husukuma baisikeli yake mpaka apate nafasi ya kupanda kwa utulivu. Mbele yake, huko Kibundani, barabara ya Dongo Kundu, iliyofunguliwa mwaka 2024, huungana na barabara hii. Hapo magari yatokayo upande wa bara huingia kwa kasi. Baadaye huja Waa, kisha Kombani penye njia ya kupanda Kwale, kisha Tiwi na Ukunda. Kila penye soko au shule pana matuta barabarani. Tuta humpunguza mwendo dereva wa gari, lakini humrusha mpanda baisikeli asiyelitazamia.

Baada ya Ukunda nyumba hupungua, minazi na miembe huongezeka, na barabara huvuka Mto Mkurumudzi utokao katika vilima vya Shimba. Kutoka Gazi kuelekea Msambweni na Ramisi kuna mashamba ya miwa. Wakati wa mavuno, matrekta na malori ya miwa hutembea huko, na muwa mmoja ulioanguka njiani watosha kumpindua mtu. Pengine ukingo wa lami umekatika, na kati ya lami na udongo pana kimo cha shubiri moja. Aliyetelemka hapo asijaribu kupanda tena kwa kukwangua ukingo ule kwa upande, kwani gurudumu la mbele litanasa naye ataangukia katikati ya barabara. Apunguze mwendo, asimame, kisha apandishe baisikeli kwa mikono.

UPEPO NA JUA

Upepo wa pwani nao ni sehemu ya barabara. Tangu Aprili hadi Septemba huvuma kusi, naye aendaye Munje hupambana nao usoni, kisha humsaidia wakati wa kurudi. Msimu wa kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, mambo hugeuka. Hapo ndipo wageni wengi hudanganyika. Asubuhi huenda kwa wepesi na kujisifu, wasijue kwamba upepo ndio uliowasukuma. Alasiri hurudi dhidi ya upepo ule ule, maji yamekwisha na nguvu zimekwisha. Kanuni ni nyepesi: anayesukumwa na upepo wakati wa kwenda aweke akiba ya nguvu kwa ajili ya kurudi.

Jua nalo halina huruma. Kundi litoke saa 12 asubuhi, lipumzike kivulini saa za adhuhuri, na liwe limekwisha kufika nyumbani kabla ya magharibi. Hata hivyo kila baisikeli iwe na taa nyeupe mbele na taa nyekundu nyuma, kwa maana pancha mbili tu zaweza kuigeuza alasiri kuwa usiku. Kila mtu achukue maji, anywe kidogo kidogo kabla ya kuona kiu. Anayetoka jasho jingi aweza kuchanganya vijiko vidogo sita vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi.

MACHO YA MTANGULIZI

Sasa tufikie kiini cha somo. Wapanda baisikeli wakifuatana karibu karibu, aliye mbele hukata upepo, na wa nyuma hupata nafuu kubwa. Lakini nafuu hiyo ina gharama yake: wa nyuma haoni barabara. Aonacho ni mgongo wa mwenzake. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa baisikeli hupita zaidi ya mita 5 katika sekunde moja. Aliye mita moja nyuma ya mwenzake hana hata robo ya sekunde ya kuliona shimo na kulikwepa. Mtangulizi akilikwepa kimya kimya, yeye amepona, lakini amemtupa mwenzake shimoni. Ndiyo sababu mtangulizi aliyenyamaza hawezi kusema kwamba hana kosa. Alikuwa amepewa macho ya watu wote.

Basi ishara hizi zifundishwe kabla ya kuondoka, na kila aionaye aipokee na kumpelekea aliye nyuma yake:

1. Shimo au jiwe: mkono ushuke na kidole kionyeshe upande ambao hatari iko, na sauti iseme, "Shimo!"

2. Kupunguza mwendo: kiganja kielekee chini na kupungwa polepole.

3. Kusimama: mkono uinuliwe juu. Asisimame mtu ghafula bila ishara hii, ila kwa kuponya roho.

4. Gari lililosimama, ng'ombe au watu walio upande wa kushoto: mkono wa kushoto upite nyuma ya kiuno, kuonyesha kwamba wote wasogee kulia. Wa mwisho atazame nyuma kwanza na kupaza sauti kama njia si salama.

5. Gari linakuja nyuma: aliaye kwanza ni yule wa mwisho, naye husema, "Gari!" Neno hilo lifike hadi kwa wa kwanza.

Wote wakae kushoto, mmoja nyuma ya mwingine. Mazungumzo ya wawili ubavu kwa ubavu yangoje mahali pa kupumzika. Jambo hili lina hatari zaidi wakati wa kusi. Aendaye kusini hupigwa na upepo utokao mbele na upande wa bahari, yaani kushoto kwake, kwa hiyo mahali penye kinga ni nyuma ya mwenzake kwa upande wa kulia. Mtu aliyechoka huvutwa huko pasipo kujijua, na huko ndiko yapitako malori. Afadhali apigwe na upepo kuliko kuitafuta kinga katikati ya barabara. Wala mtu asilifuate lori kwa karibu ili limkatie upepo, kwani lori lina breki zenye nguvu kuliko zake, na dereva wake hamwoni.

Uongozi wa mbele upokezanwe, ili mmoja asichoke kwa ajili ya wote. Mwendo uwe wa yule mnyonge. Na mtu wa mwisho awe mzoefu mwenye pampu, viraka na subira, naye asipitwe nyuma na mwenzake yeyote.

HESHIMA KWA WENYE NJIA

Barabara hii ni ua wa watu. Watoto huivuka kwenda shuleni, kina mama hupita na ndoo za maji, na wachuuzi wa samaki na madafu hupanda baisikeli zenye mizigo mizito kila siku bila kuiita safari. Hao wapishwe kwa upole. Kengele ipigwe mapema na kwa mbali; kumpigia mzee kengele mgongoni ni kumshtua, na aliyeshtuka aweza kurukia upande usiotazamiwa. Penye msafara wa maziko kundi lishuke na kusimama mpaka jeneza lipite. Takataka zirudi mfukoni.

Mwenye kutafuta kivuli asiingie ovyo katika misitu ya kaya. Mahali hapo ni patakatifu kwa Wamijikenda, na Kaya Kinondo, iliyo karibu na Diani, ni mojawapo ya zile zilizotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni huingia kwa idhini ya wazee, akiongozwa na wenyewe.

NJIA YA MUNJE

Anayeacha lami kwenda Munje huacha pia mazoea ya lami. Njia ni ya udongo na mchanga. Wakati wa masika maji hutuama, na dimbwi halionyeshi kina chake. Penye mchanga mwingi, gia iwe nyepesi kabla ya kuingia, miguu izunguke bila kukatika, mikono ilegee, na breki ya mbele isishikwe kwa nguvu. Nafasi kati ya mtu na mtu iongezwe, kwa sababu wa mbele akikwama, wa nyuma atampanda. Asiyeweza ashuke na kusukuma. Hakuna aibu katika kusukuma.

Penye nyumba wote washuke. Wavae nguo za heshima, wawaamkie wazee, wasipite juu ya nyavu zilizoanikwa, waombe ruhusa kabla ya kuteka maji au kupiga picha, na dafu walilokunywa walilipe bila kubishana. Kundi lijalo baada yao litapokewa kwa kadiri ya adabu waliyoiacha wao.

MMOJA AKIANGUKA

Mmoja akianguka, safari ya wote imesimama. Wawili wakimbie, mmoja mbele na mmoja nyuma, kuyaonya magari. Baisikeli zote zitolewe barabarani. Aliyeumia kichwa, shingo au mgongo asiinuliwe kwa haraka wala kuketishwa, isipokuwa mahali alipo pana hatari kubwa zaidi. Damu ibanwe kwa kitambaa safi. Hospitali ya rufaa iko Msambweni, na kila mtu ajue jambo hilo kabla ya kutoka Likoni, wala si baada ya ajali.

Mwishoni mwa siku, kiongozi wa kundi asiulize ni nani aliyefika kwanza. Awahesabu watu wake. Kama walitoka kumi na wamerudi kumi, wote wakiwa wazima, na hakuna kijiji walichokipita kikabaki kikiwalaumu, basi safari ilikuwa njema.