Nyumba ya Chatsworth na Hazina Zake

Katika Uingereza ziko nyumba kubwa za shamba ambazo si majumba ya wafalme wala si ngome, bali ni makao ya jamaa za wakuu, kila moja katikati ya ardhi yake, kondoo zake na vijiji vya wapangaji wake. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji habari za moja, iitwayo Chatsworth, katika jimbo la Derbyshire, ambayo mali yake ya miaka mia nne ilikaribia kutawanyika kwa sababu ya kifo cha mtu mmoja.

Ardhi yake ilinunuliwa mwaka 1549 na Sir William Cavendish na mkewe Bess, kwa pauni 600. Kizazi chao kilipata cheo cha Duke wa Devonshire, na Duke wa kwanza aliijenga nyumba upya kwa mawe kati ya 1687 na 1707. Ndani yake mna dari zilizopambwa kwa picha, vitabu vya kale, na picha ya mzee mmoja iliyochorwa na Rembrandt. Na yuko mlango mmoja ambao mgeni huona fidla imetundikwa juu yake. Akiikaribia hutambua kwamba hakuna fidla wala msumari. Ni rangi tu, kazi ya fundi Jan van der Vaart.

Nje mna bustani. Mwaka 1826 Duke wa sita alimwajiri Joseph Paxton, mtoto wa mkulima, mwenye umri wa miaka 22, awe mkuu wa watunza bustani. Mwaka 1844 Duke alimtazamia mfalme wa Urusi, akataka maji yarushwe juu kuliko yote aliyopata kuyaona. Paxton akachimba ziwa juu ya kilima, watu wakifanya kazi hata usiku kwa mienge, na maji yakishuka kwa uzito wake yenyewe, bila mashine, yakaruka futi 296. Mfalme hakuja.

Vita vilipoanza mwaka 1939, Duke wa kumi aliona afadhali kupokea wasichana wa shule kuliko askari, basi wanafunzi wa Penrhos College, kutoka Wales, wakalala katika vyumba vya fahari hata mwaka 1946.

Mwanawe mkubwa aliuawa vitani Ubelgiji mwaka 1944. Kwa hiyo mwaka 1946 Duke alimwandikia mali yake mwana wa pili, Andrew. Sheria ilisema kwamba mtoaji akiishi miaka mitano baadaye, mali haitatozwa kodi ya urithi. Duke akafa ghafula Novemba 1950, zikiwa zimebaki wiki chache tu. Katika kila shilingi 100 za mali, Serikali ikadai 80.

Andrew alikuwa na miaka 30. Kwa maoni yangu kazi yake ilikuwa ngumu kuliko ya wale waliojenga, maana wao walichagua cha kununua, naye alilazimika kuchagua cha kuachia. Ardhi nyingi ikauzwa. Kitabu cha baraka cha askofu Æthelwold, kilichoandikwa kwa mkono katika karne ya 10, kilikwenda British Museum. Hardwick Hall, nyumba aliyoijenga Bess katika uzee wake, ilitolewa kulipia deni, na mwaka 1959 ikawa chini ya National Trust, chama cha kuhifadhi mambo ya kale. Mashauri na Serikali hayakwisha mpaka mwaka 1967.

Chatsworth yenyewe ilibaki. Milango yake ilikuwa imefunguliwa tena kwa wageni mwaka 1949, na ada zao zilisaidia kuitengeneza. Mwaka 1981 iliundwa amana ya kuitunza nyumba kwa ajili ya watu wote. Jamaa ya Duke wangali wanakaa humo, nao hulipa kodi ya pango kwa amana hiyo.