Una Uhakika Kiasi Gani? Kiingereza cha Kutoa Maoni na Hoja

Mwaka wa kwanza, wiki ya tatu ya semina, nilinyosha mkono. Mada ilikuwa bumu: je, fedha ya kujikimu itolewe kila mwezi, au iendelee kutoka kwa mkupuo? Hoja nilikuwa nayo, tena nimeipanga tangu usiku. Nikasimama, nikaanza: "According to me..." Mwendesha semina akanikatiza: "According to you? Kwani wewe ni kitabu gani?" Darasa likaangua kicheko. Na mimi nikacheka ili nisionekane nimeumia, nikakaa. Dakika kumi baadaye mwenzangu akasema hoja ileile, ila yeye alianza na "I would argue that". Ikaandikwa ubaoni.

Sikunyosha mkono tena hadi semista ikaisha. Alama za ushiriki zikaenda zake.

Sasa niko mwaka wa tatu, na kila semina nawaona wadogo zangu wakipita njia ileile. Mtu ana hoja kali akiwa hosteli, anaimwaga kwa Kiswahili mpaka mnanyamaza. Akiingia semina anabaki na "I think" na "I agree" tu. Tatizo lake sio akili, na mara nyingi wala sio sarufi. Ni kwamba hakuna aliyemfundisha kuwa maneno ya kutoa maoni kwa Kiingereza ni vipimo. Kila neno linamwambia msikilizaji una uhakika kiasi gani na unasimama wapi. Ukikosea kipimo, hoja nzuri inaonekana mbovu.

Tuanze na yale yanayotuangusha mlangoni.

Maneno ya kuacha leo

"According to me." Tunaitafsiri kutoka "kwa mujibu wangu". Lakini "according to" hutumika kutaja chanzo kingine: kitabu, ripoti, mtu mwingine. Huwezi kujinukuu mwenyewe. Sema "in my view" au "in my opinion". Kama una sababu za kutoa, sema "I would argue that".

"On my side." Hii ni "kwa upande wangu" iliyovaa suti. Mwingereza akiisikia, anaelewa unazungumzia watu wanaokuunga mkono. Sema "for my part" au "as for me".

"Although... but." Kwa Kiswahili tunasema "ingawa ni ghali, lakini inafaa", na hakuna anayeshtuka. Kiingereza kinataka moja tu kati ya hayo mawili: "Although it is expensive, it works", au "It is expensive, but it works".

"Discuss about" na "emphasize on". Tunajadili kuhusu jambo na tunasisitiza juu ya jambo, ndiyo maana tunaongeza. Kwa Kiingereza vitenzi hivi havihitaji kiungo: "We discussed the loan", "She emphasized the cost".

Halafu "argue". Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza: shuleni wengi tulifundishwa kuwa "argue" ni kubishana, hivyo tunaiogopa, tukidhani "I would argue" ni kutafuta ugomvi. Chuoni maana yake ni kutoa hoja yenye sababu. Mtego wa pili ni kuichanganya na "urge", ambayo ni kuhimiza. Nimesikia kiongozi wa wanafunzi akisimama jukwaani na kusema "I argue you all to vote". Alitaka kutuhimiza tupige kura. "I urge you to vote" ndiyo yenyewe. Kumbuka hivi: unam-"urge" mtu afanye jambo, una-"argue" kwamba jambo ni kweli.

Ngazi ya uhakika

Asaimenti yangu ya kwanza ya utafiti nilihoji wenzangu 12 wa hosteli. Tisa walisema bumu huwaishia kabla ya katikati ya semista. Nikaandika kwa mbwembwe: "This proves that students cannot manage money." Ikarudi na mduara mwekundu kwenye "proves", na pembeni maneno mawili tu: "Twelve people?"

Nilikasirika, lakini mwalimu alikuwa sahihi. Watu 12 wa jengo moja hawathibitishi chochote kuhusu wanafunzi wa nchi nzima. Wanaashiria. Basi ngazi yenyewe, kutoka chini kwenda juu, ni hii:

"May" na "might": huenda. Una wazo, ushahidi bado. "The timing of payments may be part of the problem."

"Suggest": inaashiria. Una ushahidi kidogo. Neno hili linatuchanganya kwa sababu sekondari tulilijua kama kupendekeza tu, na data haiwezi kukaa kikao ikapendekeza. Lina maana mbili. "I suggest a new timetable" ni kupendekeza. "These answers suggest a problem" ni kuashiria.

"Indicate": inaonyesha dalili ya wazi zaidi. Ushahidi umeongezeka, na unaelekea upande mmoja.

"Show": inaonyesha. Ushahidi unatosha, na mtu makini akiuangalia atakubaliana nawe.

"Prove": inathibitisha pasipo shaka. Waachie wanahisabati na mahakama. Katika insha za sayansi ya jamii utaihitaji mara chache sana.

Ongeza na "tend to", yaani kuwa na kawaida ya. "Students waste money" ni shutuma kwa kila mwanafunzi, pamoja na yule anayetuma nusu ya bumu lake nyumbani. "Students tend to spend more in the first weeks" ni hoja inayoweza kutetewa.

Na jihadhari na "obviously" na "everybody knows". Tunayatumia tukidhani yanaipa hoja nguvu. Msomaji makini anayaona kama pengo: hapa ushahidi ulipaswa kuwepo, mwandishi kaweka kelele. Kama jambo ni dhahiri kweli, halihitaji kutangazwa.

Unaponukuu wengine

Kitenzi unachompa mwandishi kinaonyesha wewe unamwonaje. Tuchukue "Elimu ya Kujitegemea" ya Mwalimu Nyerere, ya mwaka 1967. Humo Mwalimu anaeleza kuwa elimu tuliyorithi kwa wakoloni ilimtenga mwanafunzi na jamii yake. Angalia sentensi hizi tatu:

"Nyerere points out that colonial education separated pupils from their society."

"Nyerere argues that colonial education separated pupils from their society."

"Nyerere claims that colonial education separated pupils from their society."

Mwalimu ni yuleyule, jambo ni lilelile. Lakini "points out" ni kubainisha: umeshakubali kuwa ni kweli. "Argues" ni kutoa hoja: uko katikati, unamwachia msomaji apime. "Claims" ni kudai: unaonyesha una mashaka, na msomaji anasubiri umpinge. Mwanafunzi anayeandika "Nyerere claims" kurasa tatu, kisha akahitimisha "I fully agree with him", amemchanganya msahihishaji bila kujua.

Kumbe Kiswahili tunacho kipimo hikihiki. Gazeti likiandika "waziri abainisha" na jingine "waziri adai", unajua mara moja nani anamwamini waziri. Kwa hiyo sikio la jambo hili unalo tayari. Kazi ni kulihamishia kwenye Kiingereza.

Jambo jingine dogo: Mwalimu alifariki mwaka 1999, lakini tunaandika "Nyerere argues" kwa wakati uliopo. Maandishi bado yanazungumza. Vivyo hivyo kwa Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kitabu chake "How Europe Underdeveloped Africa" cha mwaka 1972: "Rodney argues".

Kupinga bila kuvunjiana heshima

Vijiweni tunaambiana "acha uongo wewe" na tunacheka. Lakini "You are lying" kwenye semina ni tuhuma nzito, ni kusema mtu anadanganya kwa makusudi. Kwa Kiswahili cha kikao tungesema "naomba nitofautiane kidogo na mwenzangu". Kwa Kiingereza sema "I see your point, but..." au "I'm not sure that's accurate". Hiyo "I'm not sure" haimaanishi hujui. Ni njia ya adabu ya kusema sikubali.

Tenganisha pia hizi mbili. "On the other hand" huleta upande wa pili wa jambo, na pande zote mbili zinaweza kuwa kweli. "On the contrary" hukanusha kilichosemwa: sivyo, ni kinyume chake. Ukimjibu mwenzako "on the contrary" wakati ulitaka kuongeza upande wa pili tu, umemwambia amekosea.

Na usiogope kukubali sehemu ya hoja ya mpinzani. "Admittedly", yaani ni kweli kwamba, kisha "even so", yaani hata hivyo. Wengi wetu tunaona kukubali ni kushindwa. Msomaji anaona umefikiri pande zote.

Tuweke pamoja

Hii hapa aya yangu ya mwaka wa kwanza:

"According to me, the money should be paid every month because it is obvious that students misuse it. Although some people say it is bad, but I don't agree."

Na hii ndiyo ningeiandika leo:

"I would argue that the allowance should be paid monthly. Students who receive a large sum at once tend to spend most of it in the first weeks. Admittedly, some costs, such as rent, must be paid when the semester begins, and small payments would not cover them. Even so, this is a reason to make the first payment larger, not to keep the present system."

Msimamo haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila sentensi inaonyesha inabeba uzito gani, na yule mwenye kodi ya chumba ameshajibiwa kabla hajanyosha mkono.

Zoezi la wiki hii: chukua asaimenti yako ya mwisho, pigia mstari kila "I think", "prove" na "obviously". Kwa kila moja jiulize, nina uhakika kiasi gani, na ushahidi uko wapi? Kisha chagua ngazi yako.

Halafu nenda semina, nyosha mkono. Ukikosea wakacheka, cheka nao, rekebisha sentensi, endelea kusimama. Mimi nilikaa, na hoja yangu ikapata alama kwa jina la mtu mwingine.