Kifafa cha Mimba: Ugonjwa Unaoanzia Kwenye Kondo la Nyuma



Katika ziara zetu sharikani tumeulizwa mara nyingi: “Mama alikuwa mzima, iweje aanguke kifafa ghafla kabla ya kujifungua?” Wengine hunong’ona kwamba amerogwa, au ana dhambi aliyoificha. Somo la robo hii linajibu swali hilo, kwa sababu minong’ono ya namna hii huwachelewesha akina mama kufika hospitali.

Tuanze na kondo la nyuma. Kiungo hiki humpitishia mtoto chakula na hewa ya oksijeni kutoka kwa mama. Ni kazi nzito inayohitaji nguvu nyingi. Nguvu hiyo hutengenezwa na vijiko vidogo sana vilivyo ndani ya seli, viitwavyo mitokondria.

Kwa kawaida, katika miezi ya mwanzo, seli za kondo huipanua mishipa ya damu ya mji wa mimba. Kwa akina mama wengi wanaopata tatizo hili mapema, mishipa hiyo haikupanuka vya kutosha, hivyo damu haifiki vizuri. Sote tunajua kwamba jiko la mkaa likikosa hewa hutoa moshi. Mitokondria nazo huzidisha kemikali zinazodhuru seli. Kondo lililoelemewa humwaga ndani ya damu ya mama vitu vinavyoumiza mishipa yake. Ndipo presha hupanda, figo huvujisha protini kwenye mkojo, na ini na ubongo huweza kudhurika. Kifafa ni hatua ya mwisho ya safari iliyoanza miezi mingi nyuma.

Je, tuwanunulie wajawazito vitamini za kuzuia “moshi” huo? Wataalamu walijaribu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa vitamini C na E kwa wingi hazikuzuia ugonjwa. Kinachosaidia ni kuugundua mapema. Dalili za hatari kwa kawaida huonekana baada ya wiki 20: presha ya 140/90 au zaidi, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla. Lakini wapo wasiosikia chochote. Kwao kipimo peke yake ndicho kitakachosema.

Tiba ipo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2002 ulithibitisha kuwa sindano ya magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Ugonjwa wenyewe huanza kuisha kondo likishatoka, ingawa kifafa huweza kumpata mama hata siku kadhaa baada ya kujifungua. Walio katika hatari zaidi huweza kupewa aspirini kidogo tangu mapema, kwa maelekezo ya daktari tu.

Kwa hiyo tunaziomba kamati zijadili haya:

1. Je, zahanati yetu ina mashine ya presha inayofanya kazi, na vijiti vya kupimia mkojo?
2. Nani atatoa usafiri mama akipewa rufaa usiku?
3. Tutawafundishaje waume na mama wakwe kwamba mgonjwa huyu hana kosa?

Wafadhili wetu, mashine moja inayopima kila mjamzito ni msaada mkubwa. Tusisubiri mama aanguke ndipo tutafute gari.